Barua Nane za Mabalozi wa Merikani, Kuanzia ya Mkiani

Wamarekani wa kwanza kuja pwani yetu kama mabalozi wadogo walikuwa wachuuzi. Serikali yao iliwapa muhuri, bendera na cheo, mshahara haikuwapa. Kwa hiyo waliandika barua nyingi, na nyingi ya hizo, ukishapangusa salamu na dua, zinaongea bei ya kitambaa, pembe na sandarusi. Nimechagua nane na kuzipanga kutoka ya mkiani hadi ya kichwani. Mwamuzi mwenzangu ni mjomba wangu, mtoto wa Buyenzi mjini Bujumbura, mstaafu wa posta, ambaye siku hizi anakaa Kajaga karibu na Ziwa Tanganyika, na mwaka ziwa lilipopanda alikaa nalo karibu kuliko alivyopenda. Shahada ya historia hana. Lakini amezishika barua za watu kwa miaka mingi, na akiikunjua bahasha anakwambia kama itajibiwa.

Tangazo kabla hatujaanza: si zote ni barua kamili. Kuna kifungu cha mkataba humu, na kuna sarafu. Mjomba alitaka kuziondoa, nikamkumbusha kwamba posta yake ilipokea hata vifurushi. Akaagiza samaki wetu wa ziwani, mukeke wa kuchoma, nami nikachukulia hiyo kuwa ruhusa.

8. Wilaya za New Hampshire

Edmund Roberts alikuwa mfanyabiashara wa Portsmouth, jimbo la New Hampshire, ambaye bahati ilikuwa imempa kisogo. Alifika Unguja mwishoni mwa miaka ya 1820, akaona biashara haiendi kama alivyotaka, akaenda kumlalamikia mtawala wa Maskati na Unguja, Seyyid Said bin Sultan mwenyewe. Seyyid akamjibu kwamba yeye yuko tayari kufanya mkataba na Wamarekani. Roberts akarudi kwao, akamwandikia seneta waliyefahamiana, Levi Woodbury. Mwaka 1831 Woodbury akawa waziri wa jeshi la majini, na barua ile ikawa imepata msomaji mwenye meli. Mwaka 1832 Roberts akapandishwa manowari Peacock kwa siri, akiwa ameandikishwa kama karani wa nahodha.

Kabla ya kufika Maskati alipitia Vietnam. Maofisa wa huko wakamuuliza: mjumbe gani huyu asiye na vyeo? Roberts akaanza kuwatajia: raia wa Portsmouth, kisha wilaya za jimbo lake, moja baada ya nyingine, kana kwamba kila wilaya ni cheo chake. Waandikaji walichoka kabla hata jimbo moja halijaisha. Suala la vyeo likafungwa. Mkataba hakuupata.

Mjomba: "Huyo angefika mbali hapa mjini. Kuna watu nawajua, kadi zao unazifungua kama gazeti."

7. Kifungu alichokikata Seyyid

Maskati, tarehe 21 Septemba 1833, mkataba ulitiwa saini. Wamarekani waruhusiwe kuingia bandarini, walipe ushuru wa asilimia 5, waweke balozi mdogo. Katika rasimu yake Roberts alikuwa ameandika kwamba meli ya Marekani ikivunjika, mabaharia watatunzwa na Sultani, kisha Marekani itarudisha gharama. Seyyid akakataa hiyo sehemu ya mwisho. Mtu aliyetoka majini hadaiwi, wala nchi yake haidaiwi. Roberts akairipoti Washington kama jambo la ajabu, na kwa wachuuzi wa New England lilikuwa la ajabu kweli.

Sasa sikiliza. Septemba 1835, Peacock ile ile, ikiwa imembeba Roberts yule yule na mkataba ulioidhinishwa, ikapanda mwamba kwenye kisiwa cha Masirah, pwani ya Omani. Mizinga ikatupwa baharini ili meli iwe nyepesi. Mashua ndogo ikatumwa Maskati kuomba msaada, na Seyyid akautuma. Baadaye mizinga ikaopolewa na kurudishwa kwa wenyewe. Hati ya madai haikufuata.

Wapo watakaosema hii ingestahili nafasi ya juu zaidi. Mimi nasema hapana: uzuri wote ni wa Seyyid, na hili ni shindano la Wamarekani.

6. Sarafu iliyodanganya umri

Roberts alibeba zawadi, na mojawapo ilikuwa kisanduku cha sarafu za Marekani, moja ya kila aina. Tatizo: dola ya fedha ilikuwa haijapigwa kwa miaka mingi. Vitabu vya kiwanda cha fedha vilionyesha kwamba mara ya mwisho ilikuwa 1804. Basi mwaka 1834 wakapiga dola mpya na kuziandika 1804. Moja ikaenda kwa Seyyid Said.

Dola hiyo sasa ni kati ya sarafu zinazowaniwa kuliko zote duniani. Ile ya Seyyid iliuzwa mwaka 1999 kwa zaidi ya dola milioni 4, na mwaka 2021 ikauzwa tena kwa zaidi ya milioni 7. Kwa dola moja!

Wala Seyyid asingeshangazwa na tarehe ya uongo. Fedha iliyotembea kwenye masoko yake ilikuwa riale ya Maria Theresa, na hiyo, iwe imepigwa mwaka gani, huandikwa 1780. Roberts hakuishi kuona thamani ya zawadi yake ikipanda. Alifia Macau Juni 1836, bado safarini.

5. Jumapili na Jumatatu za Richard Waters

Hapa nitakaa kidogo, maana huyu ndiye mwandishi hasa wa kundi zima. Richard Palmer Waters, kijana wa Salem, Massachusetts, aliyezaliwa 1807, aliteuliwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja na kushuka bandarini Machi 1837. Alikuwa mcha Mungu na alichukia utumwa. Aliweka daftari la kumbukumbu za kila siku, na barua zake zilikuwa za mtindo mmoja na daftari hilo: ndani yake utakuta sala, huzuni ya kumkumbuka mama, uchungu wa kuona binadamu wakiuzwa. Ukisoma kurasa za Jumapili, unampenda.

Ukifika Jumatatu, unakutana na mtu mwingine. Huyu anaandika habari za pembe, ngozi na sandarusi ya kupelekwa Salem kutengenezewa vanishi. Huyu ameelewana na Jairam Shivji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekodi forodha ya Unguja, kwamba shehena za Wamarekani zipitie mikononi mwake. Forodha hiyo hiyo ilitoza ushuru kwa kila mtumwa aliyeshushwa. Manahodha wa Kimarekani wasio wa kundi lake walilalamika kwamba balozi wao ndiye mlango uliofungwa. Walikuwa na haki ya kulalamika.

Na usidhani uwanja ulikuwa mdogo. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 meli 41 za kigeni zilitia nanga Unguja, na 32 zilikuwa za Marekani. Waingereza, waliojiona wenye bahari, walileta 7.

Lililobebwa kwenye meli hizo lilikuwa merikani, kitambaa kigumu cheupe cha Massachusetts, ambacho bara yote ilikipokea kama fedha. Misafara ilikipeleka Tabora, Ujiji, na kutoka Ujiji mitumbwi ikakisogeza kaskazini huku kwetu. Na pamba yake? Ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa kaskazini kwa watu wa majimbo huru, ikavuka bahari, ikabadilishwa kwa pembe ambazo mara nyingi zilibebwa na watumwa. Waters aliuona utumwa sokoni Unguja, akauandika kwa machozi. Uliokuwa umekunjwa ndani ya robota zake mwenyewe hakuuandikia hivyo. Simwiti mnafiki. Mnafiki anajua.

Barua kutoka Salem ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kufika baada ya miezi mitatu, au minne upepo ukikataa. Ukiuliza bei ya pembe Januari, unajibiwa wakati pembe zimekwisha uzwa. Mjomba alipenda hapa. "Miezi minne," alisema, "na bado walimwita huyo balozi. Sisi ikipita wiki mbili tuliitwa wezi."

Waters aliondoka 1844 akiwa na uwezo mzuri, akanunua shamba huko Beverly, jirani na Salem, akafa 1887.

"Alihubiri sana?" mjomba aliuliza.

"Sana."

"Akavuna nini?"

"Pembe."

4. Majirani wawili, kalamu mbili

Mwaka 1841 Uingereza ilimleta balozi wake, Atkins Hamerton, askari kutoka Ireland aliyeelewana sana na Seyyid, na ambaye chupa ilielewana naye zaidi. Waters hakumpenda. Hamerton hakumpenda Waters. Mmoja akaandika kwa wakubwa wake kwamba mwenzake ni fitina, mwingine akaandika kwa wakubwa wake vivyo hivyo. Mji Mkongwe ni mdogo. Walipokutana vichochoroni lazima walisalimiana.

Mjomba hana la kuongeza. Anasema amefanya kazi ofisini.

3. Rais anayerudisha farasi

Hii ndiyo inayonichekesha kila mara. Mwaka 1840 Seyyid Said alituma meli yake Al-Sultana hadi New York, chini ya Ahmad bin Na'aman. Ilifika tarehe 30 Aprili, ikiwa na tende, kahawa, karafuu, pembe na ngozi za kuuza, pamoja na zawadi za Rais Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, mashali ya kashmiri, zulia, mafuta ya waridi, marashi, upanga wa dhahabu. New York ilitoka kuangalia. Ahmad bin Na'aman akachorwa picha na Edward Mooney, nayo ingalipo: kilemba, ndevu, na uso wa mtu anayejua kwamba anaangaliwa na ambaye hana haraka.

Kisha ikaja barua ya rais. Kwa adabu nyingi, Van Buren alieleza kwamba katiba ya nchi yake haimruhusu mtumishi wa serikali kupokea zawadi kutoka kwa mfalme mpaka Bunge likubali. Bunge likakaa, likajadili, likaamua zawadi zipokelewe kwa niaba ya taifa. Farasi wakauzwa kwa mnada na fedha zikaingia hazina.

Mjomba alisimamisha kijiti cha mishikaki hewani. "Mtu amekuletea farasi kwa bahari, unamwambia subiri bunge?" Kwa maoni yake, ni kama umpelekee jirani sahani ya mukeke, naye aiweke mlangoni mpaka nyumba kumi wapige kura.

Mimi namtetea Van Buren, na ni kwa sababu ya simba. Mwaka uliotangulia, 1839, balozi mdogo wa Marekani mjini Tangier, Thomas Carr, alipelekewa simba dume na jike kutoka kwa mfalme wa Morocco, zawadi kwa rais. Carr akaeleza kwamba sheria inakataza. Aliyewaleta akamwambia kuwarudisha ni kukipoteza kichwa chake mwenyewe, na kwamba kama hawapokelewi atawaachia mtaani. Carr akafungua chumba kimoja cha ubalozi, simba wakaingia. Kisha akaketi kuiandikia Washington. Barua hiyo ipo, nayo ina heshima yote ya kiserikali huku ikinguruma kwa nyuma. Simba walipelekwa Philadelphia na kupigwa mnada kwa dola 375.

Kwa hiyo farasi wa Unguja walipofika, Ikulu ilikuwa imekwisha jifunza: ukipokea leo, kesho unaletewa mwenye meno.

Haki itendeke hata hivyo. Al-Sultana ilikuwa imechoka vibaya, na jeshi la majini la Marekani liliitengeneza upya kwenye karakana ya Brooklyn bila kudai kitu. Lile deni la Masirah, kama lilikuwepo, likalipwa kwa mbao na kamba. Ingeandikwa hivyo kwenye barua, ningeipa nafasi ya kwanza.

2. Mizinga ishirini na moja, tafadhali

Charles Ward, balozi mdogo kuanzia 1845, alikuwa mtu wa heshima. Heshima yake. Julai 1850 alitaka serikali ya Unguja iisalimu bendera ya Marekani kwa mizinga 21, kwa sikukuu ya uhuru wao tarehe 4. Serikali ikakataa. Ward akaishusha bendera, akaandika barua za moto kwenda Washington, akaondoka.

Barua hizo zilisafiri, zikasomwa, zikajadiliwa, na Desemba 1851 ikaingia bandarini Unguja manowari ya mvuke Susquehanna, chini ya Komodoo John Aulick, kuja kudai heshima hiyo. Mwaka na nusu baada ya sikukuu yenyewe! Jambo likatulizwa, wafanyabiashara wakashusha pumzi, robota zikaendelea kushushwa.

Nimeiweka ya pili kwa sababu inaonyesha barua ya balozi inachoweza kufanya ikiwa na hasira ya kutosha: kusogeza tani za chuma kuvuka bahari mbili kwa ajili ya mlio. Mjomba anaona nimeipendelea. Anasema barua ya aina hiyo, zamani zake, wangeiweka chini ya rundo mpaka mwenyewe apoe.

1. Karatasi ya Kapteni Webb

Ya kwanza haina dua wala hasira. Ni karatasi ya fedha.

Januari 1871 mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, alishuka Unguja akiwa ametumwa kumtafuta David Livingstone. Tajiri wake, James Gordon Bennett mdogo, alikuwa amemwambia afuate bila kujali gharama. Gharama zilikuwepo, fedha ndizo hazikuwepo. Mfukoni Stanley alikuwa na dola 80 hivi, na hapakuwa na barua yoyote iliyomtangulia. Balozi mdogo wa Marekani wakati huo alikuwa Kapteni Francis Webb, mtu wa Salem kama wale waliomtangulia, mchuuzi kama wao. Webb akampokea nyumbani, akamdhamini. Kwa jina lake na sahihi yake, wafanyabiashara wa Unguja wakakubali hati za Stanley zitakazolipwa New York na mtu ambaye hawajamwona.

Kisha Stanley akafanya hesabu aliyofundishwa na wazoefu wa bara: watu 100 wanakula doti 10 za kitambaa kwa siku. Miaka miwili: doti 2,000 za merikani, 1,000 za kaniki, 650 za rangi rangi, pamoja na ushanga na waya. Fahamu kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikausha merikani, na vitambaa vya Bombay na Manchester vikajipenyeza. Lakini mwaka 1871 bado ungenunua safari kwa kitambaa cha Massachusetts, na Stanley alinunua.

Msafara uliingia Ujiji mwishoni mwa 1871 bendera ya Marekani ikitangulia. Yaliyosemwa pale Stanley alipokutana na Livingstone yanajulikana hadi kwa watoto wa shule, na hapa Burundi tuna watu wanaokuapia kwamba yalisemwa Mugere, kusini mwa Bujumbura, kwa sababu jiwe la huko limechongwa majina mawili na tarehe 25 Novemba 1871. Jiwe ni la kweli, na tarehe ni ya kweli, walilala hapo. Lakini salamu zilikwisha pigwa Ujiji, na Mugere walikuwa wakipita tu, kwa mtumbwi, kuja upande wetu.

Walichokuwa wakikifuata kiko jirani na Kajaga: mdomo wa Mto Rusizi. Swali lilikuwa moja. Je, Rusizi inatoka ziwani au inaingia? Kama inatoka kwenda kaskazini, basi Tanganyika ni mama wa Nile. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858, hapo ng'ambo ambapo usiku taa zake tunaziona, wakaambiwa na wenyeji kwamba inaingia, na hawakuweza kwenda kujionea. Miaka 13 baadaye Livingstone na Stanley wakafika, wakaingia kwenye matete, wakaona maji yanaelekea wapi. Yanaingia.

Wavuvi wa hapa wangewaambia bure. Kwa kweli waliwaambia. Lakini jibu halikuhesabiwa kuwa jibu mpaka liandikwe, libebwe hadi pwani, lipite Unguja, lichapishwe New York na London. Stanley alifika Unguja Mei 1872 akiwa na barua za Livingstone na shajara yake, na Julai gazeti likazitoa. Herald ikajisifu. London ikanuna. Rusizi ikaendelea kuleta mchanga wake.

Katika mnyororo huo wote, ondoa sahihi ya Webb na Stanley anabaki barazani Unguja akiwa na dola zake 80. Waters aliandika uzuri zaidi, Ward aliandika kwa sauti zaidi. Webb aliandika kiasi, na kiasi kikalipwa.

Mjomba aliridhika na hukumu hii kuliko zote. Anataka tuweke jiwe Kajaga, tuandike jina la Webb.

"Lakini, mjomba, Webb ziwa hili hakuliona."

"Na kaka yako wa Ottawa," akasema, "hii nyumba anayoijenga hapa Kajaga, ameshawahi kuiona?"